Namna ya kuchezea enzaimu za mmea mpaka mbegu itoe mafuta unayoyataka

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye maabara ameshaizoea kidogo, pipeti anaijua, PCR ameshapiga, bakteria ameshakuza, sasa kapata wazo (au kapewa na msimamizi wake) kwamba achukue mmea unaotoa mafuta ya aina fulani aufanye utoe mafuta ya aina nyingine. Kama DNA hujawahi kuigusa kabisa soma tu ujue mambo yanaendaje, hamna ubaya, ila usianze kuagiza vitu.

Nitatembea na mfano mmoja mpaka mwisho: mafuta ya nyonyo. Haya haya mazito yanayouzwa kwenye vichupa vya nywele. Uzito ule unatokana na asidi ya mafuta moja inaitwa risinoleiki, ambayo ni karibu asilimia 90 ya mafuta yote ya ile mbegu, na hiyo ndo viwanda vinaitafuta kwa ajili ya vilainishi, rangi, vipodozi na mpaka nailoni 11. Shida ni kwamba mbegu ya mnyonyo ina risini ambayo ni sumu kali, na zao lenyewe sehemu kubwa duniani linatoka India tu, kwa hiyo tangu miaka ya 1990 wanasayansi wa Marekani na kwingine wamekuwa wakijaribu kuihamisha ile kazi kwenye mmea usio na sumu. Hadithi yao ina kila kitu utakachokutana nacho wewe, hata kama unachotaka ni mafuta mengine kabisa.

Na nikuambie mapema kabisa: enzaimu ndo sehemu rahisi. Watu wanakaa miaka miwili wanaipamba enzaimu, wanaiweka kwenye mmea, mmea unawapa asilimia chache tu, wanabaki wanashangaa. Kwa hiyo soma mpaka hatua ya 8 kabla hujaagiza chochote.

Hatua ya 1: Andika mafuta unayoyataka kwa namba

Usiseme "nataka mafuta bora". Bora kwa nani? Kwa kukaangia, kwa afya ya moyo, kwa injini, kwa sabuni? Kila moja ni kitu tofauti. Andika kwa lugha ya namba ya asidi za mafuta: 16:0 ni palmitiki, 18:0 ni steariki, 18:1 ni oleiki, 18:2 ni linoleiki, 18:3 ni linoleniki. Namba ya kwanza ni kaboni ngapi, ya pili ni maungo mawili-mawili mangapi (double bond kwa Kiingereza, kaboni mbili zilizoshikana mara mbili). Risinoleiki ni 18:1 yenye kikundi cha OH kwenye kaboni ya 12, basi, hicho tu ndo kinachofanya mafuta yawe mazito vile.

Alafu chora njia ambayo mbegu inapita. Ndani ya plastidi (vyumba vidogo ndani ya seli ya mmea) mmea unajenga mnyororo kaboni mbili mbili mpaka 16, kuna enzaimu inaitwa KASII inaufikisha 18, halafu nyingine (SAD) inaweka ungo la kwanza inapatikana oleiki. Baada ya hapo kuna enzaimu ya kukata, thioesterasi, inaachia mnyororo utoke nje ya plastidi. Nje, kwenye utando wa retikulamu (mtandao wa utando ndani ya seli), FAD2 inageuza oleiki kuwa linoleiki, FAD3 inageuza linoleiki kuwa linoleniki. Hizi mbili zinafanya kazi wakati asidi imebandikwa kwenye lipidi ya utando inaitwa PC (fosfatidilkolini), hili shika kabisa maana litakuja kututesa huko mbele. Mwisho kabisa enzaimu za kupakia, DGAT na PDAT, zinamalizia kupanga asidi tatu kwenye gliseroli moja, hayo ndo mafuta.

Ukishachora, weka kidole pale unapotaka kugeuza. Unataka oleiki iwe nyingi? Kidole kwenye FAD2, izime. Unataka minyororo mifupi kama ya nazi? Thioesterasi. Unataka OH? Unahitaji hidroksilasi, ambayo mimea mingi haina. Unataka EPA na DHA za samaki kwenye mbegu? Hapo si kidole ni mkono mzima, wale wa kituo cha utafiti cha Rothamsted kule Uingereza ilibidi waweke jeni kadhaa kwa mpigo kwenye kamelina (zao dogo la mbegu za mafuta), na mwaka 2014 wakaipeleka shambani kwa majaribio. Kama ndo mradi wako wa kwanza huko usiende.

Hatua ya 2: Amua kama kweli unahitaji enzaimu mpya

Hii watu wanairuka kwa sababu kubuni enzaimu kunasikika vizuri. Lakini mara nyingi kuzima tu kunatosha. Angalia alizeti: mwaka 1976 Soldatov kule Urusi ya Kisovyeti alitoa aina ya Pervenets yenye oleiki nyingi sana, kwa kuzipiga mbegu kemikali ya kubadilisha DNA halafu kuchagua, hamna cha jeni ya kupandikiza wala nini. Baadaye ikaja kujulikana kwamba kilichotokea ni jeni ya FAD2 kujirudia vibaya mpaka mmea wenyewe ukaanza kuinyamazisha. Alizeti nyingi za oleiki unazoziona sokoni leo zinatokana na huyo.

Au soya. Mwaka 2014 timu moja Marekani ilitumia TALEN (mkasi wa kukata DNA mahali unapochagua) kuvunja FAD2-1A na FAD2-1B, hizi zinafanya kazi kwenye mbegu zaidi, oleiki ikapanda kutoka asilimia 20 mpaka 80 na linoleiki ikashuka kutoka 50 mpaka chini ya 4. Mwaka 2019 mafuta yake yakaanza kuuzwa. Ukitaka mafuta ya kukaangia yasiyoharibika haraka, kazi yako ni hiyo: tafuta nakala zote za FAD2 za zao lako, ujue ipi inawaka kwenye mbegu, zivunje kwa CRISPR, mkasi mwingine wa namna hiyo. Ishu kubwa itakuwa kuhesabu nakala, maana mazao kama kanola na kamelina yana jenomu zilizorundikana, ukivunja moja nyingine zinaendelea na kazi kama hamna kilichotokea.

Tahadhari moja tu: usizime FAD2 mmea mzima bila kufikiri. Arabidopsis (gugu dogo la majaribio ya maabara) ina FAD2 moja tu, na ile iliyovunjika kabisa ukiiweka kwenye baridi ya nyuzi 6 inakufa, kwa sababu utando wa seli nao unazihitaji zile asidi. Kama zao lako lina FAD2 ya mbegu peke yake, una bahati.

Ukishajiridhisha kwamba kuzima hakutoshi, kama sisi wa nyonyo, endelea.

Hatua ya 3: Kaa na kompyuta kwanza, wiki kadhaa, bila haraka

Hapa ndo utamu ulipo kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mwaka 1995 timu ya Chris Somerville ilipata jeni ya hidroksilasi ya mnyonyo. Walipoisoma wakakuta inafanana na FAD2 ya Arabidopsis kwa asilimia 67 hivi. Yaani enzaimu mbili, moja inaweka ungo, nyingine inaweka OH, kwenye kaboni ile ile ya 12, na sura ni ya ndugu. Basi wakajiuliza, kwani tofauti iko wapi hasa? Wakazipanga FAD2 za mimea mbalimbali upande mmoja, hidroksilasi ya mnyonyo na ya Lesquerella (mmea mwingine wenye mafuta ya hidroksi) upande mwingine, wakatafuta sehemu ambazo FAD2 zote zinakubaliana lakini hidroksilasi zinakataa. Zikabaki sehemu 7. Saba tu kwenye protini ya asidi amino karibu 400! Mwaka 1998, wao pamoja na John Shanklin wa maabara ya Brookhaven, Marekani, wakaonyesha kwamba kubadilisha 4 tu kati ya hizo kunatosha kuifanya FAD2 ianze kutoa hidroksi, na kubadilisha 6 kunaigeuza hidroksilasi ielekee kuwa FAD2.

Wewe fanya hivyo hivyo. Kusanya mfuatano wa enzaimu yako kwenye mimea mingi kadiri unavyoweza, sio miwili mitatu. Zipange pamoja. Weka rangi zile sehemu ambazo kundi A wote wako sawa na kundi B wote wako tofauti. Usiogope orodha ikiwa fupi, ukipata sehemu 100 manake hujakusanya vya kutosha.

Kuna sehemu za kutogusa kabisa. Enzaimu hizi za utando zina histidini 8 zilizokaa kwenye visanduku vitatu, Shanklin na wenzake walizionyesha mwaka 1994, hizo ndo zinashika atomi mbili za chuma. Ukigusa moja enzaimu imekufa, na utapoteza muda kuhangaika kujua kwa nini. Ila majirani za visanduku hivyo ndo hasa wa kuwaangalia, sehemu kadhaa kati ya zile 7 ziko karibu karibu na hapo.

Umbo nalo uliangalie. Zamani watu wa FAD2 walikuwa wanabahatisha kwa sababu protini za utando ni ngumu kupiga picha ya fuwele, mpaka 2015 ndo umbo la ndugu yake wa mbali, SCD1 ya mamalia, likatoka. Siku hizi AlphaFold, programu ya kompyuta, inakupa umbo la kukisia bure, lifungue, tafuta mfereji ambao mnyororo wa mafuta unaingia, angalia sehemu zako za orodha ziko umbali gani na pale kwenye chuma. Kumbuka tu AlphaFold ya kawaida haikuwekei chuma wala mafuta, hivyo utaviona kwa kukisia kutoka kwenye histidini.

Kama enzaimu yako ni SAD, ile ya kwenye plastidi, umepata ya kuanzia rahisi: haiko kwenye utando, na umbo la fuwele lilitoka 1996 kutoka kwa mnyonyo huyo huyo. Mwaka mmoja baadaye walibadilisha asidi amino mbili kwenye shimo la kushikia mnyororo, enzaimu iliyokuwa inapenda 18 ikaanza kupenda 16. Ukiliona lile shimo kwenye kompyuta unaelewa hapo hapo: ukiziba chini kwa kitu kikubwa, mnyororo mrefu hauingii vizuri.

Hatua ya 4: Agiza jeni

Hapa pafupi. Usihangaike kubadilisha herufi moja moja kwa praima kama una hela, agiza jeni nzima zilizoandikwa upya, FAD2 ya asili moja, hidroksilasi ya asili moja, na za kwako zilizobadilishwa. Ukitaka kuweka kibandiko cha kuifuatilia protini, kiweke mwanzo. Mkia wa FAD2 una asidi amino chache za mwisho ambazo ni anwani ya kubaki kwenye retikulamu, ukibandika kitu pale enzaimu inaweza kupotea njia.

Hatua ya 5: Jaribu kwenye hamira kabla ya mmea

Hamira (Saccharomyces cerevisiae, ndiyo, ile ile ya mikate) ni rafiki mkubwa kwenye kazi hii kwa sababu yenyewe inatengeneza 16:0, 16:1, 18:0 na 18:1 basi. Haina 18:2 kabisa. Kwa hiyo ukiiwekea FAD2 halafu ukaona 18:2 imetokea, na 16:2 kidogo, hamna mjadala, enzaimu inafanya kazi. Ukiiwekea hidroksilasi ukaona kilima kipya mbali huko kwenye grafu ya mashine ya kupimia (hatua ya 7), umepata.

Weka jeni kwenye plazmidi (duara dogo la DNA la kubebea jeni) yenye promota (swichi ya kuwasha jeni) ya GAL1, kama pYES2. Kuza kwanza kwenye chakula kisicho na urasili chenye rafinosi, alafu hamishia kwenye galaktosi asilimia 2, hapo jeni inawaka. Shusha joto liwe kama nyuzi 20 na uache siku kadhaa, usiikimbize kwenye 30, enzaimu nyingi za utando kutoka kwa mimea zinafanya vizuri zaidi kwenye ubaridi. Kusanya seli, zioshe kwa maji zisibaki na chakula, kausha, peleka kwenye hatua ya 7.

Lazima uwe na chupa hizi pembeni kila mara: plazmidi tupu, FAD2 ya asili, hidroksilasi ya asili. Bila plazmidi tupu huwezi kujua kilima kidogo ni kazi ya enzaimu au ni uchafu wa solventi. Nimeona watu wanashangilia kilima ambacho kumbe kinatoka kwenye mfuniko wa plastiki wa kichupa.

Pia usitegemee asilimia kubwa kwenye hamira. Unachotafuta hapa ni uwiano, yaani kati ya bidhaa ya zamani na ya mpya ipi imeongezeka ukilinganisha na enzaimu ya asili. Chagua mbili tatu bora uende nazo kwenye mmea, sio kumi.

Hatua ya 6: Mmea, promota, na kuzamisha maua

Mmea wa kwanza ni Arabidopsis. Najua hauliwi na hauna soko, lakini mbegu hadi mbegu ni miezi miwili hivi na ushee, na kuna mistari ya mutanti tayari. Kwa kazi ya hidroksi chukua mutanti wa fad2 na fae1 kwa pamoja (jeni zote mbili zimevunjika, fae1 ni ya kurefusha mnyororo), huyo mbegu zake zina oleiki zaidi ya asilimia 80, na oleiki ndo malighafi ya enzaimu yako. Ukitumia mmea wa kawaida, FAD2 yake itakuwa inagombania malighafi hiyo hiyo na wewe.

Promota iwe ya mbegu tu: napini, faseolini, oleosini, glisinini, ipo mingi ya kuchagua. Promota ya 35S inayowaka kila mahali achana nayo, hutaki asidi za ajabu kwenye utando wa jani na mzizi. Na kwenye plazmidi hiyo hiyo weka DsRed (jeni ya protini inayong'aa nyekundu), utanishukuru.

Kuzamisha maua kunakwenda hivi. Mmea ukishatoa shina na machipukizi mengi ya maua, mengi bado hayajafunguka, kata yale maganda ya mbegu yaliyokwisha kutokea. Kuza Agrobacterium (bakteria anayeingiza jeni kwenye mmea), aina ya GV3101 inafaa, isukume kwenye sentrifyuji, ichanganye na maji yenye sukari ya kawaida asilimia 5 mpaka OD (kipimo cha wingi wa bakteria) ifike kama 0.8. Ongeza Silwet L-77 (aina ya sabuni) asilimia 0.02 mpaka 0.05, usizidishe, ikizidi maua yanakauka. Geuza chungu, zamisha maua sekunde chache huku unazungusha taratibu, utaona maji yamejitandaza kwenye maua kama utelezi mwembamba unaong'aa, hapo toa. Laza mimea, funika kwa plastiki isipigwe na mwanga mkali, siku ya pili fungua isimamishe. Rudia baada ya wiki moja, kuna maua mapya.

Mbegu zikikauka zivune, zimwage kwenye sahani, washa taa ya kijani na uangalie kupitia kichujio chekundu. Nyingi zitakuwa nyeusi nyeusi, hapa na pale kuna moja inawaka nyekundu kama kaa la moto. Hizo ndo zako, asilimia 1 hivi, mara nyingi chini ya hapo. Hamna kumwagilia dawa ya kuulia magugu, hamna antibiotiki, unaziokota kwa ncha ya kijiti kilicholowa. Ndo maana nilisema utanishukuru.

Okota za kutosha upate mistari 20 au zaidi inayojitegemea, kwa sababu jeni inaingia popote inapojisikia na kila mstari utakuwa na nguvu yake. Kizazi kinachofuata hesabu nyekundu kwa zisizo nyekundu, ukipata 3 kwa 1 manake jeni imeingia sehemu moja, huo mstari endelea nao mpaka upate uliokomaa ambao mbegu zote ni nyekundu. Usitoe hitimisho lolote la asilimia kwenye kizazi cha kwanza.

Hatua ya 7: Pima

Huu upimaji ndo utaufanya kuliko kitu kingine chochote kwa hiyo uuzoee mpaka mkono ujue wenyewe. Mbegu 10 mpaka 20 za Arabidopsis zinatosha, hata moja inawezekana ukiwa na mashine nzuri, ingawa mbegu moja ni mikrogramu 20 tu na ukipiga chafya imeondoka.

Weka mbegu kwenye kichupa cha kioo chenye mfuniko wa teflon. Ongeza 17:0 ya kiwango kinachojulikana, iliyo kwenye umbo la mafuta kamili (triheptadekanoini), maana mbegu zenyewe karibu hazina 17:0 kwa hiyo kilima chake kitakuwa rula yako. Weka mililita 1 ya methanoli yenye asidi ya salfuriki asilimia 5, na mikrolita 200 au 300 za toluini ili mafuta yayeyuke. Funga mfuniko vizuri, kweli kweli, vichupa vinavyovuja ndo chanzo cha nusu ya namba mbaya duniani. Nyuzi 80 kwa saa moja na nusu. Acha ipoe, ongeza maji ya chumvi asilimia 0.9 na heksani kidogo, tikisa, zungusha, tabaka la juu lipeleke kwenye GC (mashine inayotenganisha asidi za mafuta, kila moja inatoka kama kilima kwenye grafu). Miwani na kabati la hewa ni lazima, asidi moto ndani ya methanoli si kitu cha kuchezea.

Kwenye safu ya polari kama DB-23 vilima vinakuja kwa mpangilio: 16:0, 18:0, 18:1, 18:2, 18:3, halafu 20:1. Risinoleiki inakuja baadaye sana, imeachwa peke yake mwishoni, kwa hiyo usizime mashine mapema kwa haraka ya kwenda kula. Thibitisha na GC-MS (GC yenye kipima uzito wa molekuli) baada ya kuifunika OH kwa silili, usiamini muda wa kutoka peke yake.

Kwa wale ambao mafuta yao si hidroksi: kama unatafuta asidi za epoksi, njia hii ya asidi itaivunja ile pete na utasema enzaimu haifanyi kazi. Tumia sodiamu methoksidi. Ila hiyo nayo haigeuzi asidi huru, kila njia ina kasoro yake.

Hatua ya 8: Jiandae, mmea utakukatalia

Sasa umepima. Nyonyo ina 90. Wewe una ngapi? Wale waliotangulia, wakiwa na hidroksilasi ya asili kabisa ya mnyonyo ndani ya Arabidopsis, waliishia kama asilimia 17. Enzaimu ilikuwa nzima, hamira ilishasema hivyo. Kwa nini?

Kwa sababu ya ile PC niliyosema uishike. Hidroksilasi inafanya kazi asidi ikiwa kwenye utando. Ikishaweka OH, lazima mtu aitoe hiyo asidi kwenye utando na kuipakia kwenye mafuta, na wapakiaji wa Arabidopsis hawaijui asidi hiyo, hawaipendi, inarundikana. Ni kama umeajiri fundi mpya anayeshona nguo za saizi ya ajabu halafu waliobaki dukani ni wale wale wenye maboksi ya saizi ya zamani. Mnyonyo una wapakiaji wake waliozoea. Walipoongeza DGAT2 ya mnyonyo, kazi ilisogea mpaka karibu asilimia 30. Kuongeza PDAT ya mnyonyo nako kunasaidia. Kwa hiyo kanuni yangu, na naisimamia: ukichukua enzaimu ya kubadilisha kutoka mmea fulani, chukua na ya kupakia kutoka mmea huo huo, tangu mwanzo, kwenye plazmidi moja.

Na sio hidroksi tu. Kampuni ya Calgene ya California miaka ya 1990 ilichukua thioesterasi ya mti wa California unaoitwa bay laurel ikaiweka kwenye kanola, ikapata mafuta yenye lauriki, 12:0, ile ya nazi. Kazi nzuri mno, iliingia sokoni katikati ya miaka hiyo. Lakini lauriki ilikuwa inakaa nafasi mbili za pembeni kwenye gliseroli, ya katikati hakuna, kwa sababu enzaimu ya kanola inayojaza katikati (LPAAT) inaikataa. Walipoleta LPAAT ya mnazi, lauriki ikaingia mpaka katikati. Tena ikagundulika mbegu zenye lauriki nyingi zilikuwa zinatengeneza lauriki huku na kuichoma kule kule, mzunguko wa bure, nguvu zinapotea.

Kwenye hidroksi kuna kitu kinafanana na hicho, na watafiti wa Pullman, jimbo la Washington, walikionyesha mwaka 2014: asidi ya ajabu ikirundikana kwenye utando, mbegu inapunguza kutengeneza mafuta kuanzia kule mwanzo kabisa wa njia, kwenye plastidi. Yaani asilimia unaweza kuiona nzuri huku mafuta yote kwa ujumla yamepungua. Ndo maana 17:0 ni lazima, bila rula utaona asilimia tu na hutajua kwamba kapu lenyewe limekuwa dogo.

Ukikwama hapa, mpangilio wa kujaribu ni huu: kwanza DGAT ya mmea chanzo, pili PDAT, tatu enzaimu ya kubadilishana kati ya PC na dayasilgliseroli (PDCT), na mwisho ndo uzime ile ya mmea mwenyeji inayoshindana na ya kwako. Usiziweke zote mara moja, hutajua ipi imesaidia.

Hatua ya 9: Angalia mbegu kama mkulima

Asilimia nzuri kwenye mbegu isiyoota haina kazi. Kwa kila mstari pima uzito wa mbegu 100, jumla ya mafuta kwa mbegu, na uotaji. Mistari ya hidroksi mingi inachelewa kuota na mbegu zina mafuta machache, hilo linajulikana, na mara nyingi wapakiaji wakiongezwa hali inarudi kuwa nzuri. Otesha kwenye joto la kawaida na kwenye ubaridi pia. Ukisharidhika, hamia kamelina, inakubali kuzamishwa maua (ukiivuta na hewa ya vakyumu inakuwa bora zaidi), mbegu yake ni miligramu 1 hivi kwa hiyo kupima mbegu moja moja ni raha.

Hatua ya 10: Karatasi

Kabla hujapanda kitu nje ya chumba kilichofungwa, kibali. Kenya kuna Mamlaka ya Taifa ya Usalama wa Bayoteknolojia chini ya sheria ya 2009, na mwaka 2022 walitoa mwongozo wa uhariri wa jeni ambao unaangalia kesi kwa kesi, ile iliyovunjwa FAD2 tu bila jeni ngeni kubaki inaweza kutendewa kama mbegu ya kawaida. Tanzania kazi hii iko chini ya Sheria ya Mazingira ya 2004 na kanuni za usalama wa bayoteknolojia za 2009. Hidroksilasi kutoka mnyonyo ni jeni ngeni, huna ujanja wa kuikwepa, anza kuulizia mapema maana inachukua muda kuliko PCR zako zote.

Na humo ndani ya maabara, mbegu za Arabidopsis zinaingia kwenye pindo la suruali na kwenye soli za viatu. Vua koti ulilovaa chumba cha mimea kabla hujatoka, fagia meza kwa karatasi iliyolowa sio kwa brashi, na udongo wote, vyungu vyote, hadi ile karatasi, pitisha kwenye otoklevu nyuzi 121 kabla ya kutupa. Mbegu za kila mstari weka kwenye bahasha za karatasi, andika kwa penseli, wino wa kalamu nyingine unafutika kwenye friji.